Mmea unaokaa juu ya mti: ni mgeni au ni mnyonyaji?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea habari ya ule mti wa avoka ulio nyuma ya darasa letu, hapa kwetu Muyinga. Wengi mnaufahamu. Ndio ule ambao watoto wanasomea chini yake wakati mabati yanapowaka joto, na ndio ule uliotaka kukatwa mwezi wa Novemba. Kwanza tutaungama kosa letu, halafu tutaeleza tulichojifunza.

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, tuliona mti ule umejaa mimea mingine juu yake. Kwenye matawi manene ya chini kulikuwa na mimea yenye majani magumu kama ngozi, na mizizi myeupe ikining'inia hewani. Kule juu kwenye ncha za matawi kulikuwa na vichaka vidogo vyenye maua mekundu. Na avoka zenyewe zilikuwa zimepungua sana. Sisi tukasema: basi, hivi vitu ndivyo vinanyonya mti wetu. Tukawapandisha wavulana wakubwa, wakang'oa walichoweza kufikia, tukatupa yote kwenye shimo la takataka. Siku ile tulijiona tumefanya kazi ya maana.

Lakini avoka hazikuongezeka. Novemba kamati ya kanda ikasema mti umechoka, ukatwe, na kuni zigawiwe mama wenye watoto wadogo. Hatuwezi kuwalaumu. Kila mtu hapa anajua umbali wa kwenda kutafuta kuni, na anajua maneno ambayo mama zetu wanayapata njiani.

Siku kamati ilipokuja kuutazama mti, msichana mmoja wa darasa la tano alinyoosha kidole. Alisema: "Mwalimu, mlituambia mimea ile ni wanyonyaji kwa sababu inakaa juu ya mti wa mwenzake. Na sokoni kuna watoto walituambia wakimbizi ni wanyonyaji. Je, kila anayekaa kwa mwenzake ni mnyonyaji?"

Tukabaki tunaangaliana. Mwalimu akiulizwa swali na kukosa jibu, afadhali aseme hajui. Tulimwambia tutatafuta. Tukaomba kamati itupe muda mpaka mwezi wa tano. Wakakubali, ingawa si kwa furaha.

Mzee anayejua msitu

Katika kanda yetu yuko mzee mmoja aliyekulia karibu na msitu wa Itombwe, kule Kivu ya Kusini. Tulimwendea, naye alikuja na fimbo yake, akauzunguka mti mara mbili bila kusema neno. Halafu akatuambia: "Walimu, mulifukuza wageni wenye hawana kosa, mwizi mukamwacha ndani ya nyumba."

Kumbe juu ya mti mmoja walikuwa wanakaa wageni wa aina tatu, na kila mmoja ana tabia yake. Sisi tuliwahukumu wote pamoja kwa sababu walikaa mahali pamoja. Tuliazima vitabu viwili vya elimu ya mimea, tukayalinganisha maneno ya mzee na vitabu, na tukaangalia kwa macho yetu kwa miezi sita. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwizi mwenye maua mazuri

Vile vichaka vya maua mekundu kule juu ndivyo mwizi. Vitabu vinamwita kimelea. Mbegu yake ina utomvu unaonata. Ndege anakula tunda, halafu anaiacha mbegu juu ya tawi, na utomvu unaishikilia hapo hapo. Mbegu ikiota, haitafuti udongo. Inatoboa ganda la tawi na kuingiza mzizi wake mpaka kwenye mishipa inayopandisha maji. Tangu siku hiyo inakunywa maji na chumvi ambazo avoka imejichosha kuzivuta kutoka ardhini. Vikiwa vichache mti unavumilia. Vikiwa vingi, tawi linakauka. Ndiyo sababu avoka zetu zilipungua.

Hata hivyo kimelea naye ana maisha yake ya kustaajabisha. Mnajua kwamba mmea, ili uzae mbegu, ni lazima unga wa ua uhamishwe kutoka sehemu ya kiume ya ua kwenda sehemu ya kike. Unga huo vitabu vinauita chavua. Mmea hauna miguu, kwa hiyo unahitaji mshenga. Mshenga wa vimelea vingi vya Afrika ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayeng'aa juani. Ua jekundu linabaki limefumba, limejikaza kama mtego. Chozi akiligusa kwa mdomo, linafunguka ghafla, pa! Unga unamrukia usoni, naye anakwenda nao kwenye ua la pili. Watoto waligusa maua kadhaa kwa ncha ya kijiti, na yale yaliyoiva yalifunguka kweli. Walicheka sana.

Kwa hiyo hata mwizi anamlisha mtu fulani. Hatusemi vimelea vyote vya dunia vimalizwe. Tunasema tu kwamba kwenye mti wetu vilikuwa vimezidi.

Mpangaji anayekunywa mvua

Sasa tuje kwa wale tuliowatupa kwenye shimo. Ile mimea ya majani magumu na mizizi myeupe inaitwa okidi. Jamii hii ni kubwa mno: duniani kuna zaidi ya aina 25,000 za okidi, na zaidi ya nusu yake huishi juu ya miti. Kwenye misitu ya mvua na ukungu kama Kibira hapa Burundi, na kule Itombwe, mimea ya kukaa juu ya miti ni ya kawaida kabisa.

Okidi hatoboi ganda la mti. Mizizi yake inashikilia tu, kama mtoto aliyebebwa mgongoni anavyoshika nguo ya mama yake. Mizizi hiyo imefunikwa na koti jeupe linalofanana na sponji. Mvua ikinyesha, koti linafyonza maji mara moja. Chakula chake ni vumbi, majani yaliyooza kwenye nyufa za ganda, na jua ambalo majani yake yanalipata kule juu. Mti unampa mahali pa kusimama tu.

Mzee alituonyesha jambo moja ambalo kila mzazi anaweza kumwonyesha mtoto wake. Chukua maji kidogo kwenye kikombe, umwage juu ya mzizi mweupe. Ndani ya muda mfupi mzizi unageuka kijani. Koti limeshiba maji, kwa hiyo rangi ya ndani inaonekana. Ukikauka, unarudi kuwa mweupe. Mzee akawaambia watoto: "Muangalie muzuri. Huyu anakunywa mvua, hakunywi muti."

Tulirudi kwenye shimo la takataka kwa aibu, tukachimbua kwa mikono. Okidi nyingi zilikuwa zimeoza. Tulipata 3 zenye uhai bado. Tulizifunga kwenye tawi kwa vipande vya kitenge kikuukuu, tukaziachia mvua ifanye kazi yake.

Ua linalonukia usiku tu

Mwezi wa Machi okidi mmoja kati ya wale 3 alitoa maua 5. Yalikuwa meupe kama karatasi, na nyuma ya kila ua kulikuwa na mkia mwembamba mrefu unaoning'inia. Watoto waliyanusa mchana, wakasema hayana harufu, ni maua ya bure. Lakini mlinzi wa usiku alituambia kwamba akipita nyuma ya darasa jioni anasikia manukato, hata alidhani kuna mtu amepoteza chupa ya marashi.

Tulikwenda kukaa pale walimu watatu, na mzee, tukiwa na tochi moja. Jioni ya kwanza tuliona giza tu. Jioni ya pili mvua ilitufukuza. Jioni ya tatu, giza lilipoingia vizuri, harufu ikaanza kutoka, tamu na nzito. Halafu akaja nondo mkubwa, mnene, wa rangi ya majivu. Hakutua. Alisimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakitetemeka, akakunjua ulimi mrefu kama uzi na kuuingiza ndani ya ule mkia. Akaondoka. Yote hayo ni muda wa kuvuta pumzi mara mbili.

Vitabu vinaeleza hivi. Chini kabisa ya mkia wa ua kuna maji matamu. Ua ni jeupe ili lionekane gizani, na linanukia usiku kwa sababu mshenga wake anatembea usiku. Nondo ni lazima asukume kichwa ndani ili ulimi ufike chini. Akisukuma, unga wa ua unamganda. Na unga wa okidi hautawanyiki kama wa mahindi. Umefungwa kwa vidonge vidogo vyenye gundi. Kidonge kikipotea, ua hilo limepoteza karibu yote. Ndiyo sababu okidi wengi wanangoja kwa subira, ua moja linaweza kukaa wazi wiki kadhaa likimsubiri mshenga mmoja.

Watoto waliandika kwenye makaye yao kila siku. Baada ya ile jioni ya tatu, ua moja lilinyauka haraka na kikonyo chake kikaanza kuvimba. Mengine 4 yalibaki wazi karibu wiki mbili, halafu yakaanguka bila kitu. Moja kati ya matano! Tulisikitika, lakini mzee alisema ndivyo ilivyo. Ganda moja la okidi linaweza kuwa na maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazobebwa na upepo. Na mbegu hizo hazina akiba ya chakula hata kidogo. Ni lazima zikutane na kuvu fulani atakayezilisha mwanzoni, la sivyo haziwezi kuota. Sasa fikirieni: apatikane nondo, upatikane upepo, lipatikane tawi, apatikane kuvu. Mmea ule tulioung'oa kwa dakika moja ulikuwa umepita kwenye milango yote hiyo.

Rula ya Darwin

Watoto wakubwa mtapenda hadithi hii, na ni ya kweli. Mwaka 1862 mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, aliletewa maua ya okidi kutoka Madagaska. Mkia wa ua ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 30. Toeni rula zenu za shule muone: ni rula nzima! Maji matamu yalikuwa chini kabisa. Darwin akasema kwamba huko Madagaska ni lazima kuwe na nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho, kwa sababu bila yeye ua hili lisingezaa. Wapo waliomdhihaki. Nani amewahi kuona nondo mwenye ulimi wa rula nzima?

Darwin alikufa mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903, miaka 41 baada ya maneno yake, wataalamu wawili walimwandika nondo wa Madagaska mwenye ulimi mrefu namna hiyo, na jina walilompa lina maana ya "aliyetabiriwa". Darwin hakuwa nabii. Aliliangalia ua kwa makini akauliza: mlango huu umetengenezwa kwa ajili ya nani? Swali kama hilo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuuliza.

Vanila na kijana wa miaka 12

Labda mzazi atasema: haya yote ni mazuri, lakini yanatupa chakula gani? Swali ni la haki. Basi tukumbuke vanila.

Ndugu zetu waliotoka upande wa Beni, Butembo na Ituri wanaijua, na waliopita Uganda wameiona Mukono au Bundibugyo. Inalimwa pia Bukoba, Tanzania. Vanila ni okidi! Ni mmea unaopanda juu ya mti mwingine na kuushika kwa mizizi, kama wale wa kwetu. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Ilipopelekwa nchi za mbali ilimea vizuri na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa kuwa mshenga wake hakusafiri nayo.

Aliyefungua njia alikuwa mtumwa. Jina lake Edmond Albius, kijana wa kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12 tu, aligundua namna nyepesi ya kuozesha ua la vanila kwa mkono. Ndani ya ua kuna ngozi ndogo inayotenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Edmond aliiinua kwa kijiti chembamba, akazikutanisha sehemu mbili kwa kidole gumba. Basi. Mpaka leo wakulima wa Kongo na Uganda wanafanya vile vile, ua moja moja, asubuhi, kwa sababu ua la vanila linafunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Ukilala umekosa. Tunda linakaa karibu miezi 9 kabla ya kuiva, kama mimba.

Utumwa ulikomeshwa Réunion mwaka 1848, na Edmond akawa huru. Wengine walitajirika kwa ujuzi wake, lakini yeye alikufa maskini mwaka 1880. Tunaiandika habari hii ili watoto wetu wajue kwamba akili haiulizi mtu anakaa kwenye nyumba ya mabati au ya turubai. Na tunaiandika ili wazazi wajue kwamba mtoto akivumbua kitu, jina lake na faida yake vilindwe.

Mti wenye maua yaliyofichwa

Mgeni wa tatu alikuwa mdogo, tulimsahau kabisa. Kwenye pacha ya matawi, pale panapokusanya majani yaliyooza, kulikuwa na mche wa umuvumu. Jirani zetu Warundi wanauheshimu mti huu. Zamani ulipandwa kuzunguka nyumba, na kwenye maboma ya wafalme. Ukiona kundi la miti mikubwa ya zamani mahali pasipo na nyumba, wazee wanaweza kukuambia kwamba hapo ni ikigabiro, palipokuwa na boma. Ganda lake lilipondwa kuwa nguo. Waganda nao wana ndugu yake, mutuba, na kazi yao ya nguo za magome ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Wawili kati yetu tulipokwenda Gitega kwa mafunzo, tuliona umuvumu mkubwa kando ya njia, umebeba matunda madogo, kila moja kama ncha ya kidole. Tuliomba ruhusa kwa mama mwenye shamba, akatupa machache. Tukayaleta darasani na wembe.

Watoto waliuliza: "Mwalimu, tunda tunaliona, ua lake liko wapi?" Wengi wanasema miti ya jamii ya mtini haina maua. Si kweli. Tulipasua tunda, na ndani tukaona vitu vidogo sana vilivyojipanga ukutani, mamia kwa mamia. Hayo ndiyo maua. Yamefungiwa ndani ya chumba, na mlango wake ni tundu dogo kwenye ncha ya tunda.

Nani ataingia humo? Ni nyigu mdogo sana, mrefu milimita 1 au 2 tu, hata tundu la sindano ni pana kwake. Jike anasikia harufu ya tunda lililo tayari, anajipenyeza mlangoni. Mlango ni mwembamba hata mabawa yanang'oka. Hatatoka tena. Ndani anapaka maua unga aliokuja nao kutoka tunda alilozaliwa, anataga mayai kwenye baadhi ya maua, halafu anafia humo. Maua mengine yanazaa mbegu, mengine yanalea watoto wake. Watoto wa kiume wanatoka kwanza, hawana mabawa. Wanaoana na dada zao, wanatoboa njia ya kutokea, kazi yao imekwisha. Majike wanachukua unga, wanatoka, na wana siku moja au mbili tu za kutafuta mti mwingine wa aina ile ile.

Kwa kawaida kila aina ya mti wa jamii hii ina aina yake ya nyigu. Mti ukikosekana, nyigu wanakwisha. Nyigu wakikosekana, mti hauzai mbegu tena. Na msidhani kwa kuwa ni wadogo hawafiki mbali. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 kutoka jangwa la Namibia ulionyesha kwamba nyigu waliobebwa na upepo walifikisha unga kwenye mikuyu iliyo kilomita 160 kutoka mti waliotoka. Sisi kutoka Muyinga mpaka Gitega tunalalamika ndani ya gari!

Lakini tuwe wakweli. Umuvumu ukiota juu ya mti mwingine, hauanzi kwa kunyonya. Unaanza kama okidi, mpangaji mpole. Halafu unateremsha mizizi mpaka ardhini, mizizi inanenepa, inauzunguka mti wa mwenyeji, matawi yanamfunika jua. Baada ya miaka mingi mwenyeji anaweza kufa katikati. Kwa hiyo swali la yule msichana lina majibu matatu, si moja.

Tulichoamua

Mwezi wa tano kamati ilirudi kama tulivyoahidiana. Safari hii waliosimama kueleza ni watoto. Mmoja alimwaga maji kwenye mzizi wa okidi mbele ya wazee wote, ukageuka kijani. Mwingine alionyesha kaye yake yenye hesabu ya maua 5. Wa tatu alionyesha tawi lililokauka, na kimelea kilichoingia ndani yake.

Mama mmoja mwenye mapacha alisema wazi: "Sawa, mmesema vizuri, lakini mimi nitapikia nini?" Hatukuweza kumjibu kwa maua. Tulikubaliana hivi. Matawi yote yaliyokauka na yale yenye vimelea yakatwe, na kuni hizo zigawiwe kama ilivyopangwa. Zilitoka mizigo 7, na mapacha walipata wao. Okidi waachwe. Na mche wa umuvumu mzee aliuchomoa taratibu pamoja na mizizi yake, tukaupanda ardhini pembeni mwa uwanja, mbali na darasa, mahali ambapo hautambana mtu. Sasa una majani mapya 4. Mti wa avoka bado umesimama, na masomo yanaendelea chini yake.

Msichana wetu tulimjibu mbele ya darasa lote. Tulimwambia: ukitaka kujua kama mtu ni mnyonyaji, usiangalie anakaa wapi. Angalia mizizi yake inafanya nini. Na watoto wa sokoni, wao hawajamwaga maji kwenye mzizi wakaona. Waalike siku moja. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi nitawaalika usiku, wanuse." Tulimwambia aombe ruhusa kwa mama yake kwanza.

Kwa wazazi: mambo ya kufanya na watoto

Kabla ya kung'oa mmea ulio juu ya mti, chunguzeni unapogusana na tawi. Ukiwa umeshikilia juu ya ganda tu, uacheni. Ukiwa umeingia ndani na tawi limevimba hapo, kateni tawi hilo chini kidogo ya uvimbe.

Msipande juu ya miti peke yenu, watoto. Mtu mzima awepo. Na nyigu wakubwa na nyuki wasichokozwe.

Jioni, kabla ya kulala, tokeni nje mnuse hewa. Mkisikia harufu tamu isiyokuwepo mchana, kuna ua linalomngoja mtu wake.

Maswali kwa watoto

1. Kwa nini maua yanayotembelewa na nondo mara nyingi ni meupe?
2. Mzizi wa okidi unageuka rangi gani ukilowa, na kwa nini?
3. Maua ya umuvumu yako wapi?
4. Edmond Albius alikuwa na umri gani alipogundua kazi yake?

Andikeni majibu kwenye karatasi, pamoja na jina na darasa, mtuletee chini ya mti wa avoka. Wazee wenye habari za mimea ya kwao, ya Itombwe, ya Masisi, ya Fizi au ya popote, tunawaomba waje watusimulie. Mimea mingi mnayoijua ninyi haijaandikwa kwenye vitabu vyetu viwili. Kalamu tunazo.